Kubadilishana hisa na hatifungani kati ya nchi: hatari inagawanywaje hasa?

Mlinganyo

Wakuu, naomba tufafanuliane jambo ambalo vitabu vingi hulipitia mbiombio.

Biashara ya bidhaa kwa bidhaa naielewa. Bidhaa kwa mali nayo naielewa: nchi inaagiza kuliko inavyouza, tofauti inailipa kwa hati ya deni au kwa hisa, yaani inatumia leo na kulipa kesho. Ninapokwama ni aina ya tatu, mali kwa mali. Nchi A inanunua hisa za B zenye thamani ya dola bilioni 10, na B inanunua hisa za A za dola bilioni 10 hizo hizo. Ukitoa moja kwenye nyingine unapata sifuri. Hakuna aliyemkopesha mwenzake hata senti. Faida iko wapi?

La pili: kama faida ipo, mbona nchi zilizoingiza mtaji mwingi wa nje ndizo mara nyingi zinazoanguka kwa kishindo? Thailand mwaka 1997 ni mfano mmoja tu. Naomba majibu yenye hesabu.

Tarakimu

Sifuri unayoiona ni tofauti ya pande mbili. Hatari haikai kwenye tofauti, inakaa kwenye kila upande kivyake. Tuweke namba.

Nchi A inachimba na kuuza shaba. Nchi B inanunua shaba na kutengeneza nyaya na mota. Bei ya shaba ikipanda, A inapata pato la 130 na B inapata 80. Ikishuka, A inapata 70 na B 120. Tuseme miaka ya aina hizi mbili ina uwezekano sawa. Wastani wa kila nchi ni 100, lakini A inayumba 30 juu na 30 chini, na B inayumba 20.

Sasa kila mmoja ampe mwenzake nusu ya haki ya pato lake. Mwaka wa bei ya juu kapu la pamoja lina 210, kila mmoja anabeba 105. Mwaka wa bei ya chini lina 190, kila mmoja 95. Myumbo wa 30 na wa 20 umebaki 5. Hakuna aliyechimba kilo moja ya ziada, na urari wa malipo (hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini) bado unasoma sifuri. Kilichobadilika ni nani anapata nini katika mwaka upi.

Ile 5 iliyobaki haiondoki kwa biashara yoyote, kwa sababu ni ya kapu zima. Mwaka 2009, pato la dunia nzima liliposhuka, hakukuwa na nchi ya kutosha upande wa pili wa kupokea hasara. Ndiyo maana pia hisa za B zina thamani kidogo zaidi ya za A ingawa wastani ni ule ule: zinalipa vizuri mwaka ambao kapu limepungua. Kwa hiyo A haitapata nusu kwa nusu kamili, italazimika kuongeza kidogo juu. Nyongeza hiyo ndiyo ada ya bima.

Lakini hesabu hii inachukulia kwamba pato lote linauzika. Haliuziki. Mishahara ndiyo sehemu kubwa ya pato, na hakuna soko la kununua robo ya mshahara wa mwalimu wa nchi nyingine. Tuseme asilimia 60 ya pato ni mishahara na 40 ni faida za makampuni, ambazo ndizo zinazouzwa kama hisa. Bei ikiwa juu, A ina mishahara 78 na faida 52; B ina mishahara 48 na faida 32. Bei ikiwa chini, A ina 42 na 28. B ina 72 na 48.

Wakibadilishana nusu ya faida, A inapata 120 mwaka wa juu na 80 mwaka wa chini. B inapata 90 na 110. Myumbo wa A umetoka 30 hadi 20, wa B kutoka 20 hadi 10. Si haba, ila si ile 5.

Sasa wabadilishane faida yote: wenye akiba wa A wamiliki viwanda vya B peke yake, na wa B wamiliki migodi ya A. A inapata 78 jumlisha 32, yaani 110. Mwaka mbaya 42 jumlisha 48, yaani 90. B inapata 48 jumlisha 52, yaani 100. Mwaka mwingine 72 jumlisha 28, yaani 100 tena. B haitikisiki kabisa na A imebaki na 10.

Rudieni hesabu hii kwa kalamu, kwa sababu inapindua mazoea. Mshahara tayari umefungwa kwenye uchumi wa nyumbani, hivyo akiba ndiyo inayopaswa kwenda mbali nao. Mfuko wa pensheni wa wachimbaji wa shaba ukinunua hisa za migodi ya shaba, siku bei inaanguka mwanachama anapoteza kazi na pensheni kwa pamoja.

Mlinganyo

Imeeleweka, mkuu Tarakimu. Ila umechagua nchi mbili ambazo moja ikishuka nyingine inapanda. Zikienda pamoja je?

Tarakimu

Faida inapungua hatua kwa hatua. Chukua mali mbili, kila moja ikiwa na myumbo wa asilimia 20 kwa mwaka, ugawe fedha nusu kwa nusu. Zikienda kinyume kabisa, myumbo wa jumla ni sifuri. Zisipohusiana, ni asilimia 14.1. Zikiwa na uhusiano wa 0.5 (kipimo kinachoanzia -1, kinyume kabisa, hadi 1, sawia kabisa), ni 17.3. Zikienda sawia kabisa, unabaki na 20 yako.

Kosa la kawaida ni kupima uhusiano huo kwenye miaka ya utulivu. Wakati wa mshtuko mkubwa masoko ya hisa huanguka pamoja, kwa hiyo namba ya miaka ya amani inakupa matumaini kuliko hali halisi. Pima miaka mibaya peke yake, kisha uamue.

Hatifungani

Nijibu swali la pili, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Kinachoamua ni aina ya hati iliyouzwa nje, kuliko kiasi cha fedha kilichoingia.

Nchi ina pato la bilioni 2,500 za sarafu yake. Dola moja ni 100 za sarafu hiyo. Inaingiza dola bilioni 10, ambazo ni bilioni 1,000 za nyumbani, sawa na asilimia 40 ya pato. Kisha unakuja mwaka mbaya: pato linapungua hadi 2,400 na dola inafika 150. Tufuate hati tatu.

Kama fedha ziliingia kwa mkopo wa dola wenye riba ya asilimia 6, deni sasa ni bilioni 1,500, yaani asilimia 62.5 ya pato. Riba ya dola milioni 600, iliyokuwa bilioni 60 za nyumbani, imekuwa 90. Mkopaji anadaiwa zaidi mwaka ule ule ambao amepungukiwa. Mkopo wa namna hii unarundika hatari yote upande mmoja.

Kama ziliingia kwa hatifungani za sarafu ya nyumbani, deni linabaki bilioni 1,000. Mwenye hatifungani wa nje akibadilisha fedha zake anapata dola bilioni 6.67 badala ya 10. Hasara ya theluthi moja ya fedha zake ameibeba yeye.

Kama ziliingia kwa hisa, au kwa kampuni ya nje kujenga kiwanda, faida inashuka na gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, linashuka nalo. Hakuna tarehe ya kulipa, hakuna kiasi kilichoahidiwa. Mwaka mzuri nchi inatoa gawio kubwa nje, na hilo ndilo watu hulalamikia. Lakini gawio kubwa la mwaka mzuri ndilo bei ya kutolipa mwaka mbaya.

Thailand ilikuwa kwenye hati ya kwanza. Mabenki na makampuni yalikopa dola za muda mfupi, yakakopesha na kujenga kwa baht, sarafu ya Thailand, wakati dola ikishikiliwa kwenye baht kama 25. Tarehe 2 Julai 1997 baht iliachiwa, na kufikia Januari 1998 dola ilikuwa imevuka baht 50. Deni lile lile lilikuwa limezidi mara mbili kwa hesabu ya baht, na wakopeshaji wakakataa kuongeza muda. Barry Eichengreen na Ricardo Hausmann mwaka 1999 waliipa hali ya nchi kushindwa kukopa nje kwa sarafu yake jina la "dhambi ya asili", na jina hilo limebaki.

Msidhani hatifungani ya sarafu ya nyumbani imemaliza kila kitu. Kwanza riba yake ni kubwa zaidi, kwa sababu mnunuzi anajua serikali inaweza kumlipa kwa fedha iliyopungua thamani. Pili, mwekezaji wa nje akiona sarafu inaanza kushuka anauza mapema, na kuuza kwake kunaishusha zaidi na kupandisha riba ya hatifungani mpya. Hasara ya thamani ni yake. Taabu ya kupata fedha mpya inabaki kwa nchi. Kwa hiyo muda wa kuiva una uzito. Hatifungani za miaka 10 zilizotawanywa tarehe za kuiva hazina presha sawa na za siku 91 zinazoiva kila wiki.

Mizania

Niongeze mfano wa upande wa pili, wa nchi inayouza bima kwa wenzake. Marekani inamiliki nje hisa nyingi na makampuni mengi. Wageni nao wanamiliki kwake hatifungani nyingi za serikali. Miaka ya kawaida hisa zinalipa kuliko hatifungani, na Marekani inakusanya tofauti hiyo. Mwaka 2008 hisa za dunia zilianguka, dola ikapanda, na hatifungani zake zikapanda bei. Mali zake za nje zilipungua thamani huku madeni yake kwa wageni yakibaki imara, na hesabu yake na dunia, yaani mali za nje ukitoa madeni, ikaporomoka. Pierre-Olivier Gourinchas na Hélène Rey ndio wameuchambua mpangilio huu kwa undani: ile tofauti ya miaka mizuri ni ada, na hasara ya 2008 ilikuwa fidia iliyolipwa kwa dunia.

Utaona kwamba haya yote hayaonekani kwenye akaunti ya biashara. Yanaonekana kwenye mabadiliko ya thamani ya mali zilizokwisha nunuliwa.

Mlinganyo

Basi kama faida ni kubwa hivi, kwa nini watu hawafanyi? Na nikitaka kupima nchi moja inagawana hatari kiasi gani, naanzia wapi?

Mizania

Kuhusu watu: wanafanya, ila kwa uchache kuliko hesabu za Tarakimu zinavyodai. Kenneth French na James Poterba walionesha mwaka 1991 kwamba Wamarekani waliweka karibu asilimia 94 ya fedha zao za hisa kwenye hisa za Marekani, Wajapani 98 kwenye za Japani, Waingereza 82 kwenye za Uingereza. Tangu hapo upendeleo wa nyumbani umepungua, lakini haujaisha. Sababu zipo: kodi ya zuio (inayokatwa kabla ya malipo) kwenye gawio la hisa za nje, gharama za kubadilisha sarafu, sheria zinazoweka ukomo wa mifuko ya pensheni kuwekeza nje, na kukosa taarifa za kampuni za mbali. Binafsi naona ukomo wa pensheni ndio mzito kuliko yote, kwa sababu mifuko hiyo ndiyo yenye akiba ya muda mrefu.

Kinyume chake ni Norway. Mapato yake ya mafuta yanaingia kwenye mfuko unaowekeza nje ya nchi tu. Fedha za kwanza ziliingia mwaka 1996, na leo mfuko unamiliki karibu asilimia 1.5 ya hisa zote zilizoorodheshwa kwenye masoko ya dunia. Serikali inachota kila mwaka kiasi kinacholingana na faida halisi inayotarajiwa, asilimia 4 tangu 2001, ikashushwa hadi 3 mwaka 2017. Mafuta yaliyo chini ya bahari ni mali moja yenye bei moja; yakigeuzwa hisa yanakuwa vipande vya maelfu ya makampuni.

Kuhusu kupima, anza na jedwali la mali na madeni ya nje linalotolewa na benki kuu. Usiangalie mstari wa mwisho wa tofauti. Angalia upande wa madeni na uugawe: uwekezaji wa moja kwa moja, hisa, hatifungani, mikopo. Kisha mikopo na hatifungani uzigawe tena kwa sarafu na kwa muda wa kuiva, hasa zinazoiva ndani ya miezi 12. Linganisha hizo za miezi 12 na akiba ya fedha za kigeni. Zikizidi akiba, taa nyekundu imewaka.

Halafu nenda kwenye mapato ya msingi ndani ya urari wa malipo, yaani sehemu inayoonesha gawio, riba na mishahara kati ya nchi na nje. Chora gawio linalolipwa kwa wageni kando ya ukuaji wa pato kwa miaka 15 au zaidi. Kama gawio linashuka miaka mibaya, wageni wanabeba sehemu ya hasara. Kama malipo yanayotoka hayasogei, au yanapanda, hakuna kugawana.

Tahadhari moja. Fedha nyingi hupita Luxembourg au Visiwa vya Cayman zikielekea kwingine, na zinaandikwa kama uwekezaji wa moja kwa moja. Kampuni tanzu yenye anwani tu haigawani hatari na mtu. Na "mtaji" ambao kiundani ni mkopo wa kampuni mama kwa kampuni tanzu, wenye riba na tarehe, uuhamishie kwenye mikopo hata kama jedwali limeuweka kwenye uwekezaji.

Kipimo cha mwisho ni matumizi ya wananchi. Hatari ikigawanywa vizuri, matumizi ya nchi mbalimbali yangefanana kuliko pato lao. Takwimu huonesha kinyume: pato ndilo linalofanana zaidi. Kwa kulinganisha, Asdrubali, Sørensen na Yosha walipima majimbo ya Marekani kwa miaka 1963 hadi 1990. Katika kila mshtuko wa 100 kwenye pato la jimbo, 39 ulimezwa na masoko ya mitaji, 23 na mikopo, 13 na serikali kuu kwa kodi na ruzuku, na 25 tu ndio uliowafikia watu mezani. Hakuna kundi la nchi huru linalokaribia hapo.

BimaMtawanyo

Mmezungumzia hisa na hatifungani, ila kuna hati zinazouza hatari yenyewe, na kwa nchi inayotegemea bidhaa moja au mvua hizi zina faida ya haraka zaidi.

Mexico hununua haki ya kuuza mafuta kwa bei iliyopangwa. Kwa mwaka 2009 ilifunga bei ya dola 70 kwa pipa, kwa mapipa kama milioni 330, kwa ada ya takribani dola bilioni 1.5. Bei ikaanguka na ikapokea zaidi ya bilioni 5. Kwa 2015 ilipokea zaidi ya bilioni 6. Miaka bei isiposhuka ada inakwenda bure, na hapo ndipo wabunge huuliza fedha zilikwenda wapi. Aliyeko hazina inabidi aeleze mapema, kabla ya ada kulipwa, kwamba mwaka wa kutopokea fidia ni mwaka ambao mafuta yameuzwa vizuri.

Kasoro kubwa ya hati za maafa ni pengo kati ya kipimo na hasara. Malipo hayafuati hasara, yanafuata kipimo: mvua ya setilaiti, shinikizo la hewa, ukubwa wa tetemeko. Malawi ilikata bima ya ukame kwenye African Risk Capacity, shirika la bima ya maafa la Umoja wa Afrika, kwa msimu wa 2015/16. Ukame ukaja, watu zaidi ya milioni 6 wakahitaji chakula, na programu ya kompyuta ya shirika hilo ikasema walioathirika ni kama 21,000, hivyo hakuna malipo. Uchunguzi ukabaini kwamba programu ilichukulia wakulima wanapanda mahindi ya kukomaa kwa muda mrefu, wakati wengi walikuwa wameshahamia mbegu za muda mfupi. Tofauti hiyo ilibadilisha kabisa ni wiki zipi za mvua zina maana. Baada ya marekebisho zililipwa dola milioni 8.1, lakini njaa haikusubiri.

Jamaica nayo ilikuwa na hatifungani ya maafa ya dola milioni 150 kupitia Benki ya Dunia: maafa yakifikia kipimo, fedha za wawekezaji zinakwenda kwa nchi. Kimbunga Beryl cha Julai 2024 hakikufikia kipimo cha shinikizo la hewa, haikulipwa chochote. Kimbunga Melissa cha Oktoba 2025 kilikifikia, ikalipwa yote. Kwa hiyo kabla ya kusaini, pitisha vimbunga au ukame wa miaka 30 iliyopita kwenye kipimo na uone ni mingapi kingelipa na mingapi kingeruka. Na kila msimu mwulize bwana shamba mbegu ipi inapandwa.

Hatifungani

Naunga mkono, na niseme la kipimo kwa upande wa madeni. Argentina mwaka 2005 ilitoa hati zinazolipa zaidi uchumi ukikua kupita kiwango fulani. Wazo ni zuri: lipa zaidi ukiwa nacho. Lakini anayepima ukuaji ni serikali ile ile inayodaiwa. Takwimu za mwaka 2013 zilibadilishwa mwaka wa msingi (mwaka ambao bei zake hutumika kupimia ukuaji), ukuaji ukasomeka chini ya kiwango, wenye hati wakaenda mahakamani London, na mwaka 2023 mahakama ikaamua walipwe karibu euro bilioni 1.33. Tangu hapo mnunuzi wa hati ya namna hii anadai punguzo la bei kwa sababu ya mashaka ya takwimu, na punguzo hilo linaweza kumaliza faida yote ya nchi. Dawa ni kuandika kwenye mkataba toleo la takwimu litakalotumika na nini kifanyike mwaka wa msingi ukibadilishwa.

Mlinganyo

Asanteni sana. La mwisho: kuna wanaosema haya yote ni mzunguko mrefu, bora nchi ijilimbikizie akiba ya dola. Mnasemaje?

Tarakimu

Akiba ni kujikatia bima mwenyewe, na ina bei yake. Nchi ikikopa kwa asilimia 8 na kuweka dola bilioni 10 kwenye hatifungani zinazolipa asilimia 3, inapoteza dola milioni 500 kila mwaka, mwaka mzuri na mwaka mbaya. Bado unaihitaji, kwa sababu siku mabenki ya nje yanapogoma kuongeza muda wa mikopo, hisa ulizonunua ng'ambo zinauzwa kwa hasara na bima ya ukame haikuhusu. Iwe ya kutosha kufunika deni la nje linaloiva ndani ya miezi 12. Zaidi ya hapo, kila dola bilioni unayoongeza inakugharimu milioni 50 kwa mwaka, na kwa fedha hizo anza kuuliza ada ya haki ya kuuza bidhaa yako kwa bei iliyofungwa ni kiasi gani.

Mizania

Nakubaliana na kikomo hicho, ila katika yale ya miezi 12 hesabu pia mikopo ya makampuni binafsi. Thailand deni lililoiangusha halikuwa la serikali.